Aliyesema Anashuka Ghatkopar

Koplo Ghuge alipiga chafya mara tatu, kama kawaida yake, na watu waliokuwa wamebanana naye pale kwenye jukwaa la treni la Dombivli wakampa nafasi ambayo asingeipata hata kwa amri ya serikali.

"Siku moja hizo chafya zako zitatuponza," Mkaguzi Msaidizi Sharayu Karnik alimwambia bila kumtazama.

"Si mimi, afande. Ni vumbi la reli."

"Vumbi hili tunalila sote. Mbona mimi sipigi?"

"Wewe linakuogopa."

Siku nyingine Sharayu angecheka. Leo ilikuwa Alhamisi, na kesho saa tano asubuhi Mugdha Sawant alitakiwa kusimama mahakamani amnyooshee kidole Dinkar Bhoir. Mugdha alikuwa fundi wa kupiga picha za mifupa katika zahanati moja huko Byculla. Miezi mitano nyuma, akiwa dirishani na kikombe chake cha chai, alimwona Bhoir akimsukuma mlinzi kutoka juu ya jengo la pili. Hakuna mwingine aliyeona. Jumanne asubuhi Mugdha alipanda treni ya saa mbili na dakika kumi na nne, behewa la wanawake, kama apandavyo kila siku. Kazini hakufika.

Jalada lilikuwa jembamba. Simu yake ilizimwa Ghatkopar. Jioni ile ile mwanamke aliyejiita Hemlata Rane alifika mwenyewe kituo cha polisi cha Ghatkopar, akaeleza kwamba alimwona binti wa picha ile akishuka hapo peke yake, analia. Anwani aliyoiacha ilikuwa ya duka la vioo lililofungwa mwaka juzi. Mkuu wa Sharayu hakuona ajabu. "Kaogopa, kakimbilia kwao pwani," alisema. "Kesi ikifutwa kesho, nawe funga jalada lako."

Sharayu aliliona jambo hilo vingine. Maiti ya shahidi ingewafanya mahakimu wakaze macho. Shahidi aliyetoroka anamwacha mshtakiwa aende nyumbani akale mchana. Kwa hiyo Mugdha alikuwa hai, mahali fulani, mpaka kesho saa tano. Baada ya hapo hapangekuwa na mtu mwenye sababu ya kumpa hata maji. Tangu Jumanne Sharayu alikuwa akitazama saa kila dakika.

"Nisikilize," alisema. Treni ilikuwa inaingia, na watu wakaanza kukunja mikono ya mashati. "Nenda behewa la wanaume la jirani, kaa karibu na wavu unaolitenga na letu. Mimi nashuka Byculla. Ukiniona nimeinua mtandio kichwani, njoo mlangoni."

"Byculla. Sawa, afande."

"Na ufunge pua yako."

Treni haikuwa imesimama bado wanawake walipoanza kuirukia. Sharayu, aliyevaa shalwari ya kijivu na mkoba wa begani kama karani yeyote, alirushwa ndani na viwiko vya watu asiowajua. Leso ya maua ilikuwa tayari imetua juu ya kiti cha dirishani, na mwenye leso akawa anapunga mkono.

"Binamu! Huku! Kaa hapo kwa ndugu yako."

Huyo alikuwa Bi Kunda Phadnis, wa posta, mwanamke mnene mwenye wepesi wa paka likija suala la kiti. Alishika safari hii miaka ishirini na mbili. Jana Sharayu alijitambulisha kwa wanawake wa behewa kama binamu yake Mugdha, maana kwa polisi midomo yao ilikuwa imeshonwa. Na ili awafungue, alitamka jambo moja ambalo usiku kucha lilimkosesha raha. Alisema kwa sauti ya kusikika, "Mugdha aliniambia yote. Hata picha ya mtu yule aliniachia." Picha haikuwepo. Ilikuwa chambo tu cha maneno, naye hakufikiri samaki gani angekuja.

Akakaa. Bi Kunda alikaa mbele yake, akaweka sufuria mapajani na kuanza kumenya njegere za mchana. Pembeni ya Sharayu akaketi mwanamke wa sari ya zambarau, wa makamo, mwenye sura ya upole na shada la asumini kwenye nywele. Behewa likajaa mpaka vishikizo vya juu vikakosa mikono.

Hapo ndipo lile swali lilipoanza kuzunguka, kama kila asubuhi. Linaulizwa kabla ya salamu, na aliyesimama humuuliza aliyekaa, ili akishuka amwachie kiti.

"Dada, unashuka wapi?" msichana mwenye miwani alimuuliza mwanamke wa sari ya zambarau.

"Ghatkopar."

"Basi nimechukua," msichana akasema, na akajipanga magotini pake kama askari wa zamu.

Sharayu alisikia kwa sikio moja tu. Mawazo yake yalikuwa kwa Bi Kunda.

"Bi Kunda, Jumanne ulikuwa umekaa hapo hapo?"

"Nimekaa hapa tangu mume wangu ana nywele."

"Na Mugdha hapa nilipo?"

"Hapo hapo. Mtandio usoni, amelala. Yule mtoto hulala toka hapa mpaka Byculla, anaamka mwenyewe kama saa." Bi Kunda alipasua ganda la njegere. "Nilishamwambia yule polisi wa jana asubuhi. Anauliza, 'Mlimwona akishuka?' Nani anaona mtu akishuka humu? Pale mlangoni hata miguu yako mwenyewe huioni."

Ndiyo, polisi yule alikuwa mwanamume. Alikuwa ameuliza swali la wanaume. Sharayu alipanda treni hizi tangu ana miaka kumi na saba, na jibu la jana lilimfanya akeshe akijiuliza swali jingine.

"Sikuulizi nani alimwona akishuka. Nakuuliza, kiti chake kilikaliwa na nani?"

Vidole vya Bi Kunda vikasimama kwenye njegere. Akamtazama Sharayu kwa heshima mpya.

"Eh! Hilo ndilo swali. Jumanne mimi nafunga. Kuanzia Mulund nafumba macho nasali, sifumbui mpaka Dadar. Nilipofumbua, dirishani alikuwa Nasreen."

"Nasreen yupi?"

"Nasreen Khot, mshonaji, anapandia Thane. Nikashangaa, maana Mugdha hana desturi ya kushuka kabla. Nikajua labda kabadilisha kazi." Akashusha sauti. "Nasreen kupata dirisha! Siku hiyo aliringa, tulikoma."

Sharayu akainama mbele. Kiti humu hakipoi. Ukijua kilihama mikononi mwa nani na kituo gani, umejua Mugdha alitoka wapi, na jalada zima la Ghatkopar liende likafungie maandazi.

"Prasadi," ilisema sauti laini pembeni.

Mwanamke wa sari ya zambarau alikuwa amefungua kikasha kidogo. Alhamisi ni siku ya mungu Datta, na wanaotoka hekaluni asubuhi na chakula kilichobarikiwa hawali peke yao. Bi Kunda akakunja kiganja cha kulia juu ya kile cha kushoto, akapokea peda moja, tonge tamu la maziwa, akaigusisha kwenye paji la uso na kuitupia mdomoni. Msichana wa miwani naye akapewa. Sharayu akapokea yake. Alikuwa hajanywa hata chai. Akang'ata nusu. Ilikuwa tamu, na mwishoni ikamwachia uchungu kidogo, kama iliki iliyoungua.

"Mungu akubariki, dada," akasema.

"Atubariki sote," akajibu yule mwanamke, na kufunga kikasha.

Thane walipoingia, Sharayu alimtambua Nasreen kabla hajatajiwa. Ni mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, pini tatu zimechomekwa begani, anauliza "Unashuka wapi? Wewe je? Wewe?" huku bado mguu mmoja uko nje. Hakupata mtu. Akabaki karibu na mlango, amenuna.

Sharayu aliacha mkoba kitini, Bi Kunda akaulinda kwa jicho, naye akajipenyeza kwenye migongo ya watu mpaka alipomfikia. Kelele za magurudumu pale zilikuwa kubwa. Mtu aliye hatua mbili asingesikia. Akamwonyesha kitambulisho ndani ya kiganja.

Nasreen akakodoa macho. "Wewe si binamu?"

"Ni polisi wa reli. Na yule pale nyuma ya wavu, mwenye leso puani, ni wangu pia. Niambie kuhusu Jumanne. Kiti cha dirishani ulikipataje?"

"Kile?" Hofu ikamtoka Nasreen, hasira ikaingia mahali pake. "Kwanza mimi sikuwa nakitaka kile. Nilikuwa nataka cha pembeni yake. Kulikuwa na mwanamke pale, amejifunga mtandio usoni, macho tu, kama hawa wapanda pikipiki. Nikamuuliza, unashuka wapi? Akaniambia Ghatkopar."

"Ghatkopar."

"Ghatkopar! Nikasimama magotini pake toka Thane, miguu inaniuma, nina mfuko wa blauzi tisa za harusi. Tunafika Ghatkopar, hajiinui! Namwambia, dada, kituo chako. Anatazama pembeni. Vidyavihar, amekaa. Kurla, amekaa! Miaka kumi na moja napanda treni hii, dada polisi. Nimeona mtu akidanganya miaka yake, akidanganya mume wake, hata akidanganya mimba. Kituo cha kushukia, mtu hadanganyi. Tungeuana humu."

"Halafu?"

"Sion akasimama, amemkumbatia yule wa dirishani. 'Mdogo wangu anaumwa, nipisheni.' Huyo mdogo miguu inaburuta, mtandio usoni. Nikasema haya, kumbe ni mgonjwa, ndiyo maana kasahau kushuka. Viti viwili vikawa wazi. Nikachukua dirisha." Rangi ikaanza kumpotea usoni. "Ya Mungu wangu. Yule alikuwa Mugdha?"

"Alikuwa Mugdha."

"Nami nikakalia kiti chake. Kilikuwa bado cha moto."

"Hukujua. Sasa tunajua zaidi ya jana," Sharayu alisema, na alikuwa anasema kweli. Sion, wala si Ghatkopar. Simu ilizimwa njiani na mtu aliyekaa pembeni yake. Na Hemlata Rane wa anwani ya uongo alikwenda polisi kupeleka macho ya watu vituo vitatu nyuma. Ila alifanya kosa moja, kosa la mtu asiyepanda treni hii. Alidhani lile swali ni maongezi tu. Akajibu kituo kilichokuwa kinamjaa kichwani, basi. Hakujua kwamba amemuuzia mtu ahadi, na kwamba aliyesimamishwa vituo tisa hatamsahau mpaka kaburini.

"Ungemtambua?"

"Uso sikuuona. Ila nikimsikia tena akisema Ghatkopar..."

Treni ikapinda kuingia Vikhroli, na Sharayu akaona behewa limepinda zaidi kuliko kawaida. Akashika nguzo. Ulimi wake ulikuwa mzito, kama umevalishwa soksi. Akafikiri ni njaa. Akarudi kitini, akakaa, akajipangusa kijasho chembamba.

Msichana wa miwani akainama. "Dada, kituo kinachofuata ni Ghatkopar. Jiandae basi, watu wengi pale."

"Eeh," alisema mwanamke wa sari ya zambarau.

Sharayu aligeuka taratibu sana. Nusu ya peda ilikuwa bado kiganjani mwake, imeanza kuyeyuka. Aliitazama. Aliutazama ule mkono mpole uliompa. Bi Kunda alikula, mzima. Msichana alikula, mzima. Kila mmoja alikuwa amewekewa yake kiganjani, moja moja, na mtoaji ndiye aliyechagua. Chambo cha jana kilikuwa kimemleta samaki wake. Hata Mugdha aliyelala angeamshwa kwa neno moja tu, kwa sababu nani humu angekataa prasadi? Yeye Sharayu, na miaka yake kumi ya upolisi, alikuwa ameipokea kwa viganja viwili na kumwombea baraka aliyempa.

Labda si yeye, akajiambia. Labda atashuka. Watu elfu wanashuka Ghatkopar.

Hakuwahi kuomba kitu kwa moyo mmoja namna ile. Ashuke. Ainuke sasa, achukue kikasha chake, aende zake, nami niwe na njaa tu.

Treni ikapunguza mwendo. Jukwaa likaanza kupita dirishani, nyuso, nyuso, nyuso. Ikasimama. Wanawake wakamwagika nje na wengine wakamwagika ndani. Msichana wa miwani alisubiri. Akaguna. Akasema, "Dada, Ghatkopar ndiyo hii."

Mwanamke wa sari ya zambarau alikuwa anatazama pembeni.

Treni ikaondoka. Miguu ya Sharayu ilikuwa baridi mpaka magotini, na hakujua ni dawa au ni woga. Pengine vyote viwili. Alitamani kupiga kelele. Kelele moja tu na wanawake mia wangemrukia yule mtu na kumfunga kwa sari yake mwenyewe. Kisha? Yule mwanamke angefunga mdomo. Watu wake, wanaosubiri Sion mgonjwa wa pili, wangeona treni imepita bila mtu. Wangepiga simu mahali. Na huko mahali yuko Mugdha.

Ukitaka kujua mahali penyewe, kuna njia moja. Ilimjia wazi, na ilimtisha kiasi kwamba machozi yalimlengalenga. Inabidi upelekwe.

Ghuge? Ghuge aliambiwa Byculla. Alikuwa amezama katikati ya behewa la wanaume, na hakuna anayejisogeza mlangoni vituo sita kabla. Mtandio usingeonekana tena kutoka hapa. Migongo ilikuwa imeziba wavu wote. Simu ilikuwa mkobani, na mkoba sasa ulikuwa chini ya kiwiko cha sari ya zambarau.

Sharayu alilazimisha ulimi. "Nasreen!" Nasreen akageuka kule mlangoni. "Kiti changu ni chako. Nashuka Dadar. Umesikia? Dadar. Nimekuahidi."

Lilikuwa jambo la kawaida kuliko yote yanayosemwa humu. Yule mwanamke hata hakupepesa jicho. Nasreen akaja mbio kwa mabega, akasimama magotini pa Sharayu, akaweka mfuko wake wa blauzi miguuni, huku msichana wa miwani akimnung'unikia kwamba aliyemwahidi Ghatkopar hajashuka. Hakuna anayelinda kiti kama aliyeahidiwa. Sharayu alimtazama usoni muda mrefu, akitaka macho yaseme yaliyobaki, lakini kope zilikuwa zinashuka zenyewe. Akaiteremsha nusu ya peda ndani ya kifua cha nguo yake.

Vidyavihar. Kurla. Alizihesabu kwa masikio. Mkono ulipita mgongoni mwake na kumkumbata, laini kama wa mama.

"Mdogo wangu anaumwa," sauti ile ikasema juu ya kichwa chake. "Nipisheni jamani. Nipisheni."

"Hii ni Sion!" Ilikuwa sauti ya Nasreen. "Wewe, binamu! Si ulisema Dadar?"

"Mgonjwa huyu, dada, huoni?"

"Ameniahidi Dadar! Na wewe ulimwahidi huyu mtoto Ghatkopar! Ghatkopar umeiona?" Sauti ikapanda, ikapasuka. Sharayu alikuwa anaburutwa kwenye migongo, vifundo vikigonga chuma, na nyuma yake sauti ile ikiendelea kupiga, sasa kwa upande mwingine, upande wa wavu. "Wewe mwenye leso! Wewe mwenye pua! Huyo wako anashushwa! Sion! Anashushwa Sion!"

Kisha jukwaa likampokea, na treni ikanguruma kuondoka, na sauti ya Nasreen ikakatika ghafla. Je, Ghuge alisikia? Alipata kushuka? Sharayu hakuthubutu kufumbua macho. Mwanamume akamshika mkono wa pili. "Huyu mzito kuliko yule," akasema.

"Kala nusu tu, nadhani. Harakisha."

Ngazi za daraja. Alihesabu thelathini na nane, zikampotea. Jua usoni. Mlango wa gari dogo ukiburuzwa. Harufu ya petroli na asumini. Walikwenda kidogo tu, wakapinda mara mbili kulia, wakapita mahali panaponuka ngozi mbichi, na muda wote alijitoboa kiganja kwa kucha ili asilale. Aliwaza mama yake, ambaye angempigia saa saba kumuuliza kama amekula. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Kufuli. Chumba chenye joto. Akaangushwa juu ya magunia.

"Picha iko wapi?" mwanamume akauliza.

"Atasema akiamka. Tafuta kwanza mkobani."

Zipu ya mkoba ikavutwa. Sharayu akajua amebakiwa na pumzi chache, kwa sababu kitambulisho alichomwonyesha Nasreen kilikuwa mfukoni mwa nguo, lakini pingu zilikuwa chini ya kitana, mle mkobani.

Hapo kitu kikasogea gizani karibu na kichwa chake. Pumzi ya mtu. Sauti ya msichana, kavu, ya usingizini, kama ya mtu anayeamshwa kila siku mahali pale pale.

"Dada... tumefika Byculla?"

Siku mbili, na bado Mugdha alikuwa kwenye kiti chake. Sharayu akatafuta kwa vidole mpaka akapata mkono, wa baridi, wenye bangili za kioo, akaubana.

"Bado kidogo," akanong'ona. "Nitakuamsha."

"Hii nini?" mwanamume akasema. Chuma kikagonga chuma. "Hemlata! Hizi ni pingu! Umetuletea askari!"

Sharayu akasikia hatua za mwanamke zikija, bila haraka, na sari ikisuguana sakafuni. Mkono ule mpole ukamshika kidevu na kukigeuza juu.

"Fumbua macho, mpenzi," sauti laini ikasema. "Najua unasikia." Akamgeukia mwanamume. "Mpe yule chupa nzima ya dawa, na huyu pia. Hatuwezi kungoja kesho."

Sharayu akafumbua macho. Aliiona chupa. Aliona mwanamume akiifungua, na alipojaribu kuinua mkono wake mwenyewe haukumtii. Alikaza meno. Vidole vikamziba pua.

Nje, nyuma ya ukuta wa mabati, mtu akapiga chafya.

Mwanamume akasimama. Chupa ikabaki hewani.

Chafya ya pili.

"Nani huyo?" mwanamke akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini.

Sharayu alingoja ya tatu kuliko alivyowahi kungoja kitu duniani. Ilikuja pamoja na teke, na bawaba, na mlango mzima. Ghuge aliingia na mlango, leso bado puani, na nyuma yake, akitweta, akiwa ameshika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, aliingia Nasreen Khot, aliyeruka naye Sion na kulifuata gari kwa teksi, na ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alikuwa ameacha kiti cha dirishani kitupu.

Kulikuwa na makelele, na chupa ikavunjika, na kitu kizito kikaanguka mara mbili. Sharayu hakutazama. Alijiviringisha juu ya magunia mpaka akaufikia uso wa msichana, akamwondolea mtandio machoni.

"Mugdha," akasema. "Amka, mama. Tumefika. Tunashuka."